NANI ANAPIMA JUA LETU?
Uhakiki wa Huduma za Mtandao za Takwimu za Mionzi ya Jua

Katika mafunzo ya siasa tumezoea kusema kwamba ardhi, madini, gesi na bahari ni mali ya umma. Kuhusu jua tunakaa kimya, kwa sababu halina uzio na halichimbwi. Lakini umeme wa jua sasa ni bidhaa. Mwaka 2023 Shirika letu la TANESCO lilitia saini mkataba wa kujenga mtambo wa umeme wa jua wilayani Kishapu, Shinyanga, wa megawati 50 kwa hatua ya kwanza. Penye bidhaa pana kipimo, na penye kipimo pana mwenye kukishika. Makala hii inahakiki huduma za mtandao zinazotoa takwimu za jua, na inahakiki pia msimamo wetu wenyewe kuhusu huduma hizo.

Kipimo na Mwenye Kipimo

Hapa Rasbura, na katika pwani yote ya Lindi na Kilwa, jua ni nyenzo ya uzalishaji. Chumvi, mwani, samaki na korosho vyote huukauka juani. Mzalishaji wa pwani analijua jua lake kwa uzoefu wa miaka mingi. Hata hivyo, ujuzi huo haujaandikwa kwa tarakimu, na mezani pa mikataba husikilizwa mwenye tarakimu.

Mkulima wa korosho haitaji mwalimu wa kumweleza jambo hili. Anaijua kangomba. Mlanguzi huja shambani na chombo chake, akapima kwa chombo chake, akataja bei yake. Unyonyaji ule haukuanzia kwenye bei. Ulianzia kwenye chombo. Ndiyo maana mizani ya chama cha msingi ni jambo la kisiasa. Swali letu basi ni hili: katika biashara ya jua, mizani iko wapi?

Huduma Zenyewe

Huduma zinazojulikana zaidi ni chache. PVGIS ni ya Tume ya Ulaya, na huendeshwa na kituo chake cha utafiti cha Ispra, Italia. Global Solar Atlas ilizinduliwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, na ramani zake zilitengenezwa na kampuni ya Solargis ya Slovakia. SoDa ilitokana na kazi ya chuo cha Mines cha Ufaransa. Mpango wa Ulaya wa Copernicus nao hutoa takwimu za mionzi kwa Ulaya na Afrika kuanzia mwaka 2004.

Ni lazima tuseme ukweli: huduma hizi zina faida kubwa. Mwanafunzi wa Lindi mwenye simu anaweza kuonyesha kijiji chake kwenye ramani na kupata makadirio ya jua la kila mwezi bila kulipa senti. Hapo zamani takwimu za namna hiyo zilifungiwa katika makabati ya ofisi.

Lakini zina upungufu wa aina tatu.

Kwanza, takwimu hizo kwa sehemu kubwa ni makadirio. Setilaiti za Meteosat, ambazo picha zake hutumiwa kwa eneo letu, kwa kawaida husimama juu ya Ikweta katika Ghuba ya Guinea, na huitazama pwani yetu kwa upande. Setilaiti huona mwanga unaorudishwa na mawingu, kisha hesabu hukisia kiasi kilichofika ardhini. Ukungu wa bahari, vumbi na moshi wa mashamba huweza kuipotosha hesabu hiyo.

Pili, kinachoonekana kwanza kwenye ramani ni wastani. Global Solar Atlas hutoa wastani wa miaka mingi. Takwimu za saa kwa saa hutolewa bure na PVGIS na Copernicus, ingawa kampuni nazo huuza zao, lakini lazima mtu azitafute. Zahanati ya kijiji haiwezi kuhifadhi chanjo kwa wastani wa mwaka. Friji huzimika katika siku tatu au nne za wingu zinazofuatana. Mkandarasi aliyepanga paneli na betri kwa wastani wa mwaka huwa ameshalipwa na kuondoka siku friji inapozimika.

Tatu, na hili ndilo kubwa, makadirio husahihishwa kwa vipimo vya ardhini. Mabenki yanayokopesha miradi mikubwa hupendelea makadirio ya setilaiti yaliyolinganishwa na kipimo cha mahali penyewe, angalau kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo mwenye chombo ardhini ndiye anayeweza kuiambia ramani kwamba imekosea. Asiye nacho hupokea hukumu.

Tulifikaje Hapa?

Hali hii ina historia. Kabla ya 1977, huduma ya hali ya hewa ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja, na makao yake makuu yalikuwa Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, ilitubidi tujenge huduma yetu wenyewe. Mwaka huohuo Chama Cha Mapinduzi kilizaliwa, na mwezi Novemba Ulaya ikarusha Meteosat ya kwanza. Kumbukumbu za picha zinazotumiwa na huduma za leo zinaanzia mwaka 1983. Tulipokuwa tukijenga upya, wenzetu walikuwa wakikusanya kumbukumbu za anga letu.

Makosa Mawili

Miongoni mwetu kuna makosa mawili. La kwanza ni la wanaosema kwamba takwimu zitokazo ng'ambo ni ubeberu mtupu, zisiguswe. Huku ni kujinyima silaha. La pili ni la wanaopokea ramani kama msahafu: Benki imesema, basi yamekwisha. Huku ni kasumba.

Kilwa inatupa fundisho. Mwaka 1974 kampuni ya Agip ya Italia ilikuta gesi Songo Songo, ikaamua kwamba haina faida ya kibiashara. Shirika letu la TPDC halikukubali hukumu hiyo. Uchimbaji wa uhakiki uliendelea, na tangu 2004 gesi ileile inazalisha umeme Dar es Salaam. Gesi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni aliyeipima.

Kazi Iliyo Mbele

Kuhakiki takwimu za jua si uchawi. Usiku chombo kisome sifuri au karibu nayo. Mchana saa nzima isipite kiasi kinachofika juu ya angahewa, ambacho ni kama wati 1361 kwa meta ya mraba inayolielekea jua. Mionzi ya moja kwa moja, ikihesabiwa kwa mwinamo wa jua, na ile inayotawanywa na anga zikijumlishwa zilingane na jumla. Chombo chenye vumbi, au kilichofunikwa na kivuli cha mnazi, hujifichua kwa majaribio kama haya. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyafanya.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Mosi, kila mkataba wa umeme wa jua unaotumia fedha au ardhi ya umma useme wazi kwamba vipimo vya ardhini ni mali ya umma na vitatangazwa. Pili, vyuo na shule za pwani zipewe pairanometa kwa ushirikiano na Mamlaka ya Hali ya Hewa, na awepo mtu mwenye jukumu la kusafisha kioo chake na kupeleka chombo kikasahihishwe kwa wakati. Chombo kisichotunzwa ni kangomba nyingine, safari hii ya kujidhulumu wenyewe. Tatu, kada ajifunze kuuliza. Mradi wa sola ukiletwa kijijini, aulize: takwimu hizi zimetoka wapi? Ni za miaka mingapi? Zimelinganishwa na kipimo gani cha ardhini? Mwezi wenye jua haba kuliko yote ni upi, na friji ya zahanati itadumu siku ngapi za wingu?

Maswali haya yaulizwe katika mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya mkandarasi, kabla muhtasari haujatiwa saini.