"Mfumo Umekataa": Uhakiki wa Uhakiki katika Nyanda za Juu za Kigoma

Neno uhakiki lina kazi mbili katika Kiswahili cha Tanzania. Vyuoni, uhakiki ni kuisoma kazi ya mtu, kuipima na kuitolea hukumu yenye sababu. Ofisini, uhakiki ni kumpima mtu mwenyewe: kuthibitisha kwamba yupo, kwamba ndiye, na kwamba anastahili kile anachokidai. Watumishi wa umma wamehakikiwa, wastaafu wamehakikiwa, na wakimbizi katika wilaya za Kasulu na Kibondo wamehakikiwa tena na tena. Makala hii inakusudia kuuhakiki uhakiki huo wa pili kwa njia ya ule wa kwanza. Andiko tutakalolichambua ni fupi mno. Lina maneno mawili tu, nayo husikika kila siku kwenye madirisha ya ofisi zetu: "Mfumo umekataa."

Hoja yetu ni kwamba sentensi hiyo si ya kweli, na kwamba mwanataaluma anayeizoea ameuweka chini wajibu wa taaluma yake. Mfumo haukatai. Anayekataa ni mtu, na mtu huyo ana jina, ana mshahara, na mbele ya Mungu ana jirani.

Nchi iliyozoea kuhesabiwa

Waha wa Kasulu na Kibondo hawakungoja kompyuta ndipo wageuzwe kuwa namba. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya Kiingereza waliwahamisha watu wengi wa sehemu hizi na kuwakusanya mahali pamoja, kwa ajili ya vita dhidi ya malale. Baadaye wilaya hizi zilitoa vibarua wengi kwa mashamba ya mkonge, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Walioandikishwa waliitwa manamba, jina lililotokana na namba. Kila kibarua alikuwa na kipande chake kilichotiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi. Siku isiyotiwa alama haikuhesabiwa. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na watu wakahamishiwa katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Hatusemi kwamba mambo haya matatu yalikuwa sawa. Malale yaliua kweli, na vijiji vililenga kuleta shule, maji na zahanati. Yanalingana katika jambo moja: kila mara mtaalamu alikuja na kipimo kilichokwisha kuamuliwa kwingine, na aliyepimwa hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Kisha wakaja wageni. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, makundi makubwa ya Warundi yalivuka mpaka. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, Nyarugusu ilifurika, hata Nduta iliyoko Kibondo ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo, na Mtendeli ikafuata Januari 2016. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi lilikuwa limekwisha kuanza, mwaka 2013 huko Malawi, kuujaribu mfumo unaochukua alama za vidole vyote kumi na mboni za macho yote mawili, na kuzihifadhi katika kumbukumbu kuu iliyoko Geneva.

Wenyeji nao hawakuachwa. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa iliundwa mwaka 2008, na kufikia Januari 2020 kila mwenye laini ya simu nchini alitakiwa awe ameisajili kwa alama za vidole. Hivyo mkimbizi na mwenyeji wake, ambao Kirundi chao na Kiha chao husikilizana bila mkalimani, wote wawili wameweka kidole juu ya kioo kile kile kidogo. Mpakani, ambako sura na lugha hazitoshi kumtenga raia na mgeni, kioo hicho kina uzito ambao mtu wa Dar es Salaam hawezi kuukadiria kwa urahisi.

Makosa mawili ya kufikiri

Tunapozungumzia tekinolojia katika Kanisa letu, mara nyingi tunaangukia katika moja ya makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la wasomi. Wao husema kwamba tekinolojia ni chombo tu, kama kisu: kinakata nyama, kinaua mtu, na lawama ni ya mshikaji. Hoja hii ina ukweli nusu. Kisu hakina kumbukumbu, lakini daftari linayo. Tuangalie Rwanda, jirani wa karibu wa nyanda hizi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwaandikia watu vitambulisho vyenye neno moja la kabila. Karani aliyeliandika neno hilo hakumchukia mtu, huenda. Alijaza nafasi iliyoachwa wazi katika fomu. Miaka sitini baadaye, mwaka 1994, neno lile lile lilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyelibeba aliuawa. Chombo hicho kilikuwa kimebeba swali tangu siku kilipotengenezwa, na swali hilo lilimngoja mtu wa kulitumia. Kwa hiyo haitoshi kuuliza chombo kiko mkononi mwa nani leo. Hatuna budi kuuliza pia kimeumbwa kiulize nini, na jibu lake litahifadhiwa kwa muda gani.

Kosa la pili ni la baadhi ya wahubiri. Kila kinapokuja kitambulisho kipya, wao hufungua Ufunuo sura ya 13 na kutangaza kwamba alama ya mnyama imefika. Mahubiri hayo huvutia watu, lakini yanafanya jambo la ajabu: yanaifanya mashine kuwa Shetani, na kwa njia hiyo yanamwachilia huru binadamu. Kama ni mnyama aliyekataa, basi si karani, wala si meneja wake, wala si mwandishi wa programu. Mhubiri wa 666 na karani wa "mfumo umekataa" wanadhani wako mbalimbali, kumbe wanasali katika kanisa moja. Wote wawili wanaamini kwamba mashine ina utashi.

Haki ya kuhesabiwa

Hata hivyo itakuwa dhuluma kuulaumu uhesabuji wenyewe. Mwaka 1994, katika makambi ya Goma, viongozi wa utawala ulioanguka Rwanda walitia chumvi idadi za watu wao na kuushika ugawaji wa chakula, na waliopunjwa ni wanyonge. Tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuondoka katika makambi hayo Novemba mwaka ule, kwa sababu halikutaka kuwalisha wauaji. Mashirika mengine yalibaki, kwa sababu hayakutaka kuwaacha watoto. Msomaji anaweza kukubaliana na upande wowote. Lakini pande zote mbili zilisema "sisi tumeamua".

Kwa hali kama hiyo, mjane ambaye jina lake limeandikwa kama yeye mwenyewe, na ambaye hakuna mwenye nguvu awezaye kuchukua mgawo wake kwa kadi ya kununua, amepata ulinzi wa kweli. Alama ya kidole ni ngumu kuiba kuliko kadi. Anayeipinga tekinolojia hii kwa jumla, bila kumfikiria mjane huyo, anajipendeza mwenyewe tu.

Nani amekataa?

Sasa turudi kwenye andiko letu. Tuchukue mfano wa mkulima mzee wa Kasulu, ambaye kwa miaka hamsini ameshika jembe, hata ngozi ya vidole vyake imesuguliwa ikawa laini. Anaweka kidole juu ya kioo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Karani anamwambia, "Mfumo umekataa, mzee. Rudi kesho." Kesho vidole vitakuwa vile vile.

Ni nini kilichotokea? Mashine haimtambui mtu kama mama anavyomtambua mwanawe. Hulinganisha alama mbili, iliyohifadhiwa na iliyoletwa leo, kisha hutoa kiwango cha kufanana. Ni kiwango gani kitoshe, si mashine iliyoamua. Mtu aliamua. Kiwango kikipandishwa, wadanganyifu watapungua, lakini wakweli wengi zaidi watakataliwa. Kikishushwa, mambo yatageuka. Hakuna kiwango kisichomwumiza mtu yeyote. Uamuzi huo basi ni wa kimaadili kabla haujawa wa kiufundi, nao ulifanywa na mwanataaluma aliyekaa mbali, ambaye vidole vyake mwenyewe yamkini vinasomeka vizuri. Baada yake yuko meneja aliyeamua kwamba pasiwepo njia nyingine kwa wasiosomeka. Baada ya meneja yuko karani, ambaye hana uwezo wa kubadili kitu, lakini ana uwezo wa kunyanyua simu, kuandika barua, na kusema, "Mzee, sisi tumeshindwa kukusoma, kosa si lako."

Tazama jinsi sarufi inavyofanya kazi. Katika "mfumo umekataa" watu wote watatu wametoweka, na aliyebaki mbele ya dirisha ni mzee peke yake, akiwa na hatia ya kuwa na mikono ya mkulima.

Yoabu na wale saba

Maandiko yanamfahamu mtu wa taaluma wa namna hii. Katika 2 Samweli 24, Daudi anaamuru watu wahesabiwe, na Yoabu, jemadari wake, anaona mara moja kwamba jambo hili si jema. Anapinga. Neno la mfalme linamshinda. Basi anakwenda, anahesabu kwa muda wa miezi tisa na siku ishirini, naye anarudi na idadi. Mambo ya Nyakati inaongeza kwamba aliziacha kabila mbili bila kuzihesabu, kwa kuwa agizo hilo lilimchukiza. Huyu ndiye mwanataaluma mwema wa siku zetu: ana dhamiri, ameandika pingamizi lake, amepunguza kidogo ubaya wa kazi, na kazi ameifanya. Tauni inapokuja, ni Daudi anayekiri kwamba yeye ndiye mkosaji na kuuliza kondoo wamefanya nini. Yoabu, baada ya kukabidhi hesabu yake, hasikiki tena katika sura hiyo.

Mapokeo yetu ya Kilutheri yana sehemu yake katika kimya hicho. Luther alifundisha vema kwamba kazi ya kila siku, ya fundi viatu sawasawa na ya mchungaji, ni wito, kwa kuwa kwayo Mungu humhudumia jirani. Lakini sisi warithi wake mara nyingi tumelishika neno wito na kulisahau neno jirani, tukahubiri kwamba mtumishi mwema ni yule atiiye ofisi yake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, liliweka mpaka: Wakristo wazitii mamlaka, isipokuwa pale zinapoamuru kutenda dhambi. Mpaka huo haukuwekwa kwa ajili ya wafalme tu. Unapita pia katikati ya meza ya karani.

Mfano mwingine, ulio bora, uko katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hiyo ilikuwa kasoro ya ugawaji, kama tunazozijua. Mitume hawakuwaambia wajane kwamba utaratibu umekataa. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawaweka wakfu kwa kazi hiyo, na majina ya wote saba yameandikwa hadi leo. Mjane aliyepunjwa siku iliyofuata alijua amwendee nani.

Tunachodai

Shirika la Tanganyika Christian Refugee Service, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu, limewahudumia wakimbizi katika makambi ya Kigoma. Kwa hiyo hatuwezi kuyazungumza haya kama watazamaji. Tunadai, kwetu na kwa wengine, kwamba asiyesomeka na mashine asikilizwe na mtu siku ile ile, na kwamba jina la mwenye kutoa uamuzi lijulikane. Tunadai pia kwamba alama iliyotolewa kwa ajili ya chakula isigeuzwe kuwa ushahidi wa jambo jingine. Huko Garissa, Kenya, maelfu ya raia waliojiandikisha kama wakimbizi wakati wa njaa walinyimwa baadaye vitambulisho vya nchi yao wenyewe, kwa sababu vidole vyao vilikutwa katika kumbukumbu za wakimbizi. Njaa ile iliisha, kumbukumbu haikusahau.

Nasi tuanze nyumbani. Katika sharika zetu nyingi kila msharika ana namba ya bahasha yake ya ahadi, na yanasikika malalamiko ya waliofiwa ambao, kabla ya kuulizwa habari za marehemu, waliulizwa habari za bahasha. Mzee wa Kanisa anayejibu, "Kwenye daftari hayupo," ametamka "mfumo umekataa" bila umeme wala kompyuta. Wanafunzi wetu watakaopangiwa kazi Kasulu na Kibondo watakabidhiwa daftari hilo kabla ya kukabidhiwa funguo za kanisa. Walipokee, walitunze vizuri, kwa maana wajane hupotea pasipo madaftari. Lakini siku watakapolazimika kumnyima mtu jambo fulani, wamwambie kwa nafsi ya kwanza, wakimtazama usoni: mimi nimekataa, na sababu yangu ni hii. Asiyeweza kuitamka sababu hiyo mbele ya mtu huyo, basi asikatae.