Wasichana Watatu Wasiotutazama

"Wasichana Watatu" ni picha ya rangi za mafuta ambayo Amrita Sher-Gil aliichora India mwaka 1935. Wamekaa wamekaribiana, mikono imetulia. Nyuma yao hakuna kitu, si nyumba wala mti. Hakuna anayemtazama mwenzake, na sisi hawatutazami kabisa. Hapa Nyarushishi ukimwonyesha mtu picha hii kwenye simu, anauliza palepale: "Hawa wanangoja nini?"

Ndugu zetu wa mashirika mnisamehe, lakini kwenye mabango ya misaada msichana lazima aangalie kamera, macho makubwa, ili mwenye pesa aguswe. Hawa watatu hawamwombi mtu. Kungoja kwao ni kwao.

Amrita mwenyewe alikuwa na kwao kuwili. Alizaliwa Budapest mwaka 1913, mama Mhungaria, baba Sikh wa Punjab. Akiwa na miaka 16 alienda Paris kusomea uchoraji, na mwaka 1933 akapata medali ya dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya huko. Mwisho wa 1934 akarudi India. Kuna wanaopenda kusema kwamba aliporudi aliacha ya Ulaya, akawa Mhindi mtupu. Mi naona siyo. Zile rangi zilizolala bapa kwenye "Wasichana Watatu", nusu yake ni Gauguin, Mfaransa yule. Na mapango ya Ajanta, ambayo kuta zake zilichorwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, alikuwa hajayaona bado. Aliyaona baadaye, akiwa safarini kuelekea kusini. Ndipo mwaka 1937 akachora "Bibi Harusi Akipambwa": watu wamepangwa kama wametoka ukutani kule pangoni, wekundu na hudhurungi. Lakini turubai na mafuta bado ni vya Paris. Hakuacha kitu, alibeba vyote.

Nasema hivi kwa sababu vijana wanaochora hapa wanaambiwa kila siku, "Chora kitu cha Kiafrika." Kwetu Kongo jambo hili lina historia. Mwaka 1946, Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji, akawakataza kuiga Wazungu. Pilipili Mulongoy alitoka humo, na samaki na ndege wake ni wazuri mno, sibishi. Ila mlango wa Ulaya alifungiwa na mtu wa Ulaya! Amrita alichagua mwenyewe cha kuchukua.

Tuseme ukweli pia: alikuwa mtoto wa watu wenye mali, kuchagua kulikuwa rahisi kwake. Na maskini anapowachora, mara nyingine anazidisha huzuni. Tazama "Wanawake wa Milimani", ya 1935 pia. Hakuna hata mmoja aliyecheka siku hiyo? Hata kwenye foleni ya maji watu wanacheka. "Wasichana Watatu" inaipita picha hiyo kwa sababu haitulazimishi kuhuzunika. Inawaacha tu wakae.

Alifariki Lahore mwezi wa 12 mwaka 1941, miaka 28 tu. Picha ya mwisho hakuimaliza: nyumba zilizotazamwa kutoka juu, na chini yake nyati weusi wa kufugwa.