O Huzidi Mstari

Geuza ukurasa huu juu chini, kisha itazame S kubwa au namba 8. Mara inaonekana imeelemewa: tumbo moja limekuwa kubwa kupita kiasi, jingine limesinyaa. Kwenye karatasi hakuna kilichobadilika. Ndivyo herufi ilivyochorwa tangu mwanzo, kwa makusudi, kwa kuwa ubongo wetu hukikuza kilicho juu. Matumbo mawili yakisawazishwa kwa rula, la juu huonekana limevimba.

Kazi ya mchora herufi ni ya uvumilivu wa aina hiyo. O ikipewa kimo kilekile cha H, huonekana fupi, maana mviringo hugusa mstari kwa sehemu ndogo tu ya ukingo wake, ilhali H imesimama kwa miguu yote miwili. Basi O huzidishwa kidogo juu, kidogo na chini. Mstari wa kulala nao huonekana mnene kuliko wa kusimama wenye upana uleule, kwa hiyo upau wa T hupunguzwa. Wa H hupandishwa kidogo ili uonekane uko katikati.

Ninayoistaajabia zaidi ni Futura, chapa ya herufi ya Mjerumani Paul Renner iliyotoka mwaka 1927. Ukiitazama kwa haraka utaapa imechorwa kwa bikari na rula tupu. Hebu isogelee a yake ndogo, herufi ambayo Kiswahili hakiwezi kwenda mstari mmoja bila hiyo. Pale duara linapokutana na mguu, unene umepunguzwa taratibu. Ungeachwa ulivyo, jicho lingeona doa jeusi, na ukurasa mzima ungejaa madoa. Renner alianza na maumbo makavu ya jiometri, kisha yeye na kiwanda cha herufi cha Bauer cha Frankfurt wakayarekebisha hadi jicho likaridhika.

Huo ndio ufundi ninaouheshimu: kukubali kwamba usawa wa rula si usawa wa macho, na kuchagua macho, kwa sababu msomaji hasomi kwa rula. Leo kompyuta huchora duara kamili kufumba na kufumbua, lakini mchora herufi mzuri bado hukaa akiisukuma O yake kidogo kidogo, anatazama, anairudisha.

Tafuta bango lenye herufi kubwa nyoofu, uweke rula juu ya kichwa cha H, uone mwenyewe O inavyochungulia.