Waya wa 4 kwa Twita ya Nini?

Waya wa milimita 4 za mraba haukuwa na kazi ndani ya sanduku lile la spika, na fundi aliyeliunda kwenye video alituthibitishia mwenyewe bila kukusudia. Mlioitazama video yake mmeona: alipofika kwenye twita, waya ulikataa kuingia kwenye vijibati. Akachukua koleo, akapunguza nyuzi. Ukakataa tena, akapunguza tena. Zilipobaki nyuzi za kutosha kupenya, akatia lihamu na kuendelea kuusifia unene wa waya wake.

Tusimame hapo. Unene alioulipia ameukata kwa mkono wake, tena palepale pa kuungia. Pasi ya lihamu ilikaa juu ya kijibati muda mrefu kwa sababu shaba nyingi hivyo hunyonya joto, na aliyewahi kuharibu twita anajua plastiki inayoshika kijibati haivumilii moto huo. Halafu kipande kizito kikaachwa kinaning'inia. Wufa ikianza kutikisa sanduku, uzito wote unavuta sehemu dhaifu kuliko zote.

Kwa faida gani? Waya ulikwenda nusu mita na kurudi nusu mita. Mita 1 ya shaba ya 0.75 ina ukinzani wa omu 0.023, ya 4 ina omu 0.0043. Mbele ya twita ya omu 8, tofauti hiyo ni kama desibeli 0.02. Hakuna sikio la kuisikia, hata la muuza waya. Roger Russell, aliyeongoza utafiti wa sauti pale McIntosh, alikuwa na kanuni yake hata kwa nyaya ndefu za sebuleni: ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika. Kwa twita hii ni omu 0.4. Ukitumia waya wa 0.75, utatandaza mita 17 kabla hujaufikia mpaka huo. Sanduku gani hilo?

Sasa rudini kwenye krosova. Waya uleule wa 4 umeungwa kwenye koili ya wufa iliyosukwa kwa waya mwembamba, na mita ya fundi ikasoma omu 0.6. Hakusema neno! Ukinzani huo ni zaidi ya mara 30 ya ule aliookoa kwenye twita, nao umekaa mfululizo na wufa yenye omu 6 za koili ya sauti. Q ya wufa inapanda kwa karibu asilimia 10, besi inalegea. Amefunga bomba la zimamoto kwenye mdomo wa birika.

Kwa haki yake, maungio ya sanduku ni safi, na pamba ameipanga vizuri.

Ugonjwa huu wa kupenda waya nene nimeupigia kelele sana, na chanzo chake ni dukani. Mnunuzi hupima ganda kwa vidole, muuzaji anampa ganda nene, na ndani mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, yenye ukinzani wa mara 1.5 hivi ya shaba halisi. Unene wa ganda haupitishi umeme.

Wahandisi Harwood, Whatton na Mills wa BBC walipoandika ripoti yao ya spika ya LS3/5A mwaka 1976, jasho lao lilikuwa kwenye plaiwudi ya milimita 12, felti inayozunguka twita, na krosova ambayo koili yake ilikuwa na matoleo ya kupandishia na kushushia twita mpaka ilingane na wufa. Walirekebisha kwa kipimo. Na spika yenyewe ilikuwa ya omu 15, kwa hiyo waya wa ndani ulikuwa na usemi mdogo zaidi kuliko kwetu.

Kwa spika ya huyu fundi, waya wa 0.75 ungetosha kwa twita na wa 1.5 kwa wufa. Pesa iliyobaki ingenunua koili iliyosukwa kwa waya wa kipenyo cha milimita 1.4. Yeye ameahidi kwamba video ijayo atabadilisha nyaya za midi, nazo ziwe za 6.