Kinyozi Hajinyoi: Kuhusu Watu wa Miambani

Katikati ya karne ya 17, Mholanzi Johannes Vermeer alimchora mtumishi wa jikoni akimimina maziwa. Hadi leo wahakiki wanasifu mwanga wa dirishani, mikono yake iliyozoea kazi na mikate iliyo mezani. Hakuna anayeuliza kama yule dada alikuwa amepandwa na pepo. Anamimina maziwa, basi.

Sasa njoo huku kwetu, katikati ya Tanzania. Michoro ya miambani maarufu zaidi iko Kondoa, ambako UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Lakini haiishii kwenye mpaka wa mkoa. Mkoani Singida, upande wa Iramba na Isanzu, Fidelis Masao alichunguza mapango kama Kirumi Isumbirira na Kwa Mwango, na kitabu chake kikatoka mwaka 1979.

Katika michoro myekundu ya ukanda huu, wanyama wamechorwa na mtu aliyewatazama kwa muda mrefu. Twiga ni twiga, pofu ni pofu. Binadamu ni jambo jingine: miili mirefu, myembamba kama fito, na mara nyingi haina macho, pua wala mdomo. Wahakiki wengi huanzia kwenye upungufu huo. Mtu asiye na sura, wanasema, huenda si mtu wa kawaida.

Mfano unaojulikana uko Kolo: watu watano, mmoja katikati, wawili kila upande wakiwa kama wanamshika. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, aliona mwanamke anayegombaniwa. Baadaye David Lewis-Williams, aliyebobea katika sanaa ya Wasan wa kusini mwa Afrika, aliona ngoma ya uganga: aliyepandwa akishikiliwa na wenzake. Tafsiri hii ya pili ndiyo iliyopata nguvu zaidi, na leo mtu akipiga magoti kwenye mwamba tunaambiwa ana maruhani.

Siipuuzi. Eric ten Raa aliandika mwaka 1971 kuhusu Wasandawe, ambao kwao uchoraji ulikuwa bado haujasahaulika na uliambatana na uwindaji na matambiko. Mungomi wa Kolo hadi miaka yetu hii watu wamekwenda kutambika. Ninachokataa ni kuacha tambiko limeze siku nzima. Anayeomba mvua ana shamba linaloisubiri, na ana watoto wanaotaka kula jioni.

Ndiyo maana naomba tutazame vichwa. Mchoraji aliyeacha macho hakuacha nywele. Kuna vichwa vikubwa vya duara, vingine vyenye mistari kama misuko, kila mstari umevutwa peke yake. Huenda baadhi ni kofia au manyoya. Hata hivyo, kuna mtu aliyevitengeneza. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kichwa kama hicho kinadai mikono ya mwingine, kivuli, mchana mzima na umbea wa kutosha. Huyo msusi hayumo kwenye picha, lakini kazi yake imo. Kwangu mimi, hayo ndiyo maisha ya kila siku yaliyochorwa, sawa na maziwa ya Vermeer.

Hili si suala la darasani tu. Mapango yanachorwa majina kwa mkaa. Mengine yamechimbwa na watu wanaotafuta mali inayosemekana ilifichwa na Wajerumani. Tukiendelea kuyaeleza kama makao ya mizimu pekee, wengine watayaogopa, wengine watayachimba, na watakaoyatunza watakuwa wachache. Mwanafunzi wa Mkalama akionyeshwa kichwa kilichosukwa, atauliza swali ambalo angemuuliza jirani yake: nani kakusuka?