Kumpima Mkongwe Jukwaani

Kahawa ikishauzwa, hapa kwetu Ihanda, Kagera, harusi hufuatana, na mwenye uwezo hupenda kumwalika mwanamuziki wa zamani, yule ambaye wazazi walimsikiliza kwenye kanda. Mgeni anashuka kwenye Noah iliyomtoa Bukoba kupitia Kyaka. Hana bendi. DJ anapewa flashi, yeye anapewa maiki, na sauti inayotoka kwenye spika ni ile ile ya miaka 20 iliyopita, haina hata kovu. Watu wanashangilia. Mimi husikitika, kwa sababu mara nyingi mzee huyo bado anaweza kuimba, ila hakuna aliyemtaka aimbe.

Pleibeki, yaani kuigiza kuimba juu ya sauti iliyorekodiwa, hutambulika ukijua pa kutegea sikio. Anza na salamu. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kwanza. Mtu akiuliza "Ihanda mpo?", sauti yake inabeba uchovu wa safari, ukavu wa koo na mwangwi wa uwanja wenyewe. Wimbo ukiingia, sauti ya kweli huendelea na rangi hiyo hiyo. Ya flashi hugeuka ghafla ikawa nyororo, kama mtu mwingine kapokea maiki, na mwangwi wake ni wa studio. Wimbo ukiisha, aliyeimba kweli huongea akitweta kidogo; wa flashi huongea kama aliyetoka kuamka.

Usimtazame midomo. Aliyeuimba wimbo mmoja nusu ya maisha yake hakosei kuufuatisha kwa midomo, hata akiwa usingizini. Tazama shingo na tumbo: kabla ya mstari mrefu lazima hewa iingie, na ikiingia utaiona. Halafu fuata maiki. Wakati wa kutunzwa ndio mzuri zaidi. Mama mmoja anapanda na noti ya elfu kumi, anambandika mkongwe kwenye paji la uso, mkongwe anainama kwa heshima na maiki inashuka hadi kifuani. Sauti ya mtu anayeimba ingefifia hapo, au ingekatika kwa kicheko. Ikibaki pale pale, umeshapata jibu. Tena anayeimba kweli angemtaja mama huyo kwa jina, angeurudia ubeti alioupenda, angeongeza kiitikio kwa kuwa watu wote wameinuka vitini. Flashi haimjui bwana harusi, na wimbo wake unaishia palipoishia kanda.

Ngumu zaidi ni nusu pleibeki, mkongwe akiimba juu ya sauti yake ya ujana iliyoachwa chini chini kwenye spika. Hapo sikiliza miisho ya maneno. Watu wawili, hata kama ni mtu mmoja katika umri tofauti, hawafungi silabi kwa pamoja kila mara. Waitikiaji ni jambo jingine. Wakisimama pale jukwaani na kumbebea kiitikio apumue, huo ni ufundi halali, na bendi zetu za dansi zimeishi kwa huo tangu mwanzo.

Kumnasa mtu wa flashi, hata hivyo, ni nusu ya kazi, na nusu iliyo nyepesi. Kazi yenyewe ni kujua sauti ya uzeeni inapoimba vizuri inasikikaje. Nyuzi za sauti hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda, na pumzi hupungua. Sauti za wanawake wengi hushuka na kuwa nzito. Za wanaume wengi hukonda. Noti za juu ndizo hutangulia kuondoka. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumsifia mkongwe ni kushusha kii. Anayeng'ang'ania kii ya ujana atapiga kelele au atakimbilia flashi. Aliyeishusha anapata nafasi ya kuchezea maneno, kuyachelewesha nyuma ya mdundo, kuikata mistari mirefu pale ambapo maana inaruhusu. Ukisikia hivyo, nyamaza usikilize, uko mbele ya fundi.

Huku kwetu enanga, ala yetu ya nyuzi, ilishalitatua jambo hili zamani. Mpigaji huzikaza nyuzi zake kulingana na koo lake mwenyewe, si kulingana na piano wala rekodi. Koo likishuka, nyuzi nazo zinalegezwa. Ndiyo maana mzee wa enanga anaweza kusimulia utendi kwa muda mrefu, sehemu akiimba, sehemu akinena, na hakuna anayemlinganisha na ujana wake.

Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, nampa nafasi ya juu kabisa. Alipotunukiwa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa bibi kizee, na hadi alipokaribia kufariki, Aprili 2013, sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ambayo mtu wa studio angetaka kuifuta. Aliipeleka mbele bila kuificha, akipiga ngoma mwenyewe. Bara, mwimbaji wa dansi Maalim Muhidin Gurumo aliimba tangu enzi za bendi ya NUTA Jazz miaka ya 1960 hadi alipotangaza kustaafu 2013. Alipoona inatosha alisema, akaacha.

Kuna pleibeki ninayoisamehe. Februari 2006, mwimbaji wa opera Luciano Pavarotti, mwenye miaka 70, alitumbuiza kwenye sherehe za ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi mjini Torino kwa sauti iliyorekodiwa kabla, na okestra nayo ikijifanya inapiga. Kondakta wake, Leone Magiera, alilieleza jambo hilo baadaye, Pavarotti akiwa ameshafariki. Mgonjwa, kwenye baridi kali, usiku: sioni la kumlaumu, isipokuwa kwamba watazamaji hawakuambiwa.

Lawama kubwa naiweka kwetu sisi tunaoalika. Tunamtaka mtu awe kanda. Saida Karoli wa hapa Kagera alivuma mwaka 2001 na "Maria Salome", na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaurudisha wimbo huo masikioni mwa vijana. Tangu hapo kila shabiki anao moyoni jinsi ulivyorekodiwa, pumzi kwa pumzi, na msanii yeyote mwenye wimbo wa namna hiyo anajua atazomewa akiugeuza. Flashi ni kinga yake, na ni rahisi kuliko kusafirisha wapigaji kumi.

Kwa hiyo ukimwalika mkongwe, malizana naye mapema kwa simu. Muulize siku hizi anaimbia kii gani, kisha mtafutie mpiga gitaa mmoja na wapiga ngoma wawili wa huku huku, wakutane naye mchana wapime nyimbo nne, tano. Zinatosha. Mpe kiti, maji ya uvuguvugu na monita inayosikika, maana anayejisikia halazimiki kupiga kelele. Na umpandishe jukwaani mapema, kabla ya chakula, koo likiwa bado na nguvu.