Bei ya Kujua

Mwenye gari hulipia plagi, koili au sensa bila ubishi mkubwa, kwa kuwa ni vitu vya kuonekana na kushikika. Fundi akitaja gharama ya kutafuta ubovu ndipo maneno huanza: si amechomeka mashine tu? Katika gereji za Musoma na Bunda, zinakoletwa Noah, Probox na Hiace zilizokwisha kutumika Japani, dhana hiyo huifanya kazi ngumu kuliko zote ionekane haina bei. Ukweli ni kwamba mashine ya kusoma hitilafu imeongeza kazi ya akili, na akili hiyo ndiyo ya kulipwa kwanza.

Tuchukue msimbo P0171. Unachosema ni kwamba hewa imezidi petroli, sababu hauitaji. Huenda mpira wa hewa umepasuka, pampu imechoka, au filta ya mafuta imeziba. Huenda pia vumbi limeganda kwenye waya wa sensa ya hewa, jambo lisilo geni kwa gari linaloshinda kwenye barabara za vijiji vya Butiama likiwa na filta mbovu ya hewa. Lakini mashine hiyohiyo huonyesha kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi ili kufidia upungufu. Fundi hodari huisoma tarakimu hiyo injini ikinguruma bila kukanyagwa, kisha akikanyaga mafuta. Ikiwa kubwa mwanzoni na kushuka mzunguko unapopanda, hushuku mpasuko, maana hewa ya wizi inayopenya hapo huwa sehemu ndogo pale injini inapovuta hewa nyingi. Ikipanda gari linapobeba mzigo, huanza na pampu, filta ya mafuta au sensa ya hewa.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi hata simu husoma misimbo. Ni kweli: Marekani ilipolazimisha mfumo mmoja kwa magari mapya ya mwaka 1996, njia ilifunguka kwa kifaa kimoja kusoma magari ya chapa nyingi. Ila hata kabla ya hapo, kwenye Toyota za zamani fundi aliunganisha matundu ya TE1 na E1 ya soketi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, akahesabu taa inavyopepesa. Kusoma hakujawahi kuwa ndio ufundi wenyewe. Wengine watatetea kubahatisha kwa sensa za mtumba, kwamba ndiko nafuu ya mwenye kipato kidogo. Lakini sensa ya oksijeni iliyoripoti hewa kuzidi mara nyingi ni nzima. Ikibadilishwa, fedha imekwenda na mpira bado umepasuka. Kuhamisha koili ni jambo jingine: P0301, msimbo wa silinda ya kwanza kutowaka vizuri, ukigeuka P0302 wa silinda ya pili baada ya koili za silinda hizo mbili kubadilishana nafasi, koili imejishtaki yenyewe, bila senti ya spea.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alilaumu elimu iliyowatenga wasomi na wanaofanya kazi kwa mikono. Tunapolipia mikono ya fundi na kudai fikra zake bure, tunaurudia utengano huohuo. Mteja na aulize: umepima nini, na kipimo gani kingekuonyesha kwamba umekosea? Mwenye jibu alipwe ujira kamili, hata kama alichobadilisha ni klipu moja ya mpira.